Rimoti imeondoka na mke wangu, Harley imegoma kuwaka: kuna namba ya kiwandani ya kuifungua?

Swali nililoletewa, kwa kifupi, ni hili: jamaa kanunua pikipiki ya Harley-Davidson iliyotumika, kapewa rimoti moja tu, hakuna kitabu, hakuna PIN, yaani namba ya siri ya kuifungulia. Siku moja kasimama sheli kujaza mafuta, mke wake akashuka na kupanda gari la dada yake, na koti lenye rimoti akaondoka nalo. Kazima injini, kajaza, kubonyeza starter, wapi, indiketa zinapepesa tu na alamu inalia. Ikabidi asubiri mpaka mke arudi. Sasa anauliza je, kuna namba ya jumla ya kiwandani inayofungua hizi pikipiki, na kama haipo, fundi anaweza kuing'oa hiyo alamu kabisa asisumbuke tena.

Kaka, nianze na la kwanza maana ndilo watu wengi wanalitafuta. Namba moja inayofungua pikipiki zote za kampuni fulani haipo, na ukikuta mtu anauza namba hiyo jua anauza hewa. Fikiria mwenyewe, kama ingekuwepo basi mwizi wa kwanza kuipata angetembea nayo mfukoni na alamu zote duniani zingekuwa mapambo. Kinachokuwepo ni namba ya siri ya pikipiki moja moja, ama imewekwa na mwenye pikipiki, ama imetoka kiwandani ikaandikwa kwenye kadi au kibati kidogo ulichotakiwa kukabidhiwa pamoja na rimoti. Wewe muuzaji hakukupa, na pengine hata yeye hakuwahi kujua kama kitu hicho kipo, wengi wanaendesha miaka bila kugusa hiyo habari mpaka siku ya kukwama.

Tuelewe kwanza kilichotokea pale sheli, maana ukikielewa hutashikwa tena. Hizi pikipiki rimoti haibonyezwi. Ukiwasha swichi, pikipiki inapiga hodi kwa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi 125 au 134 kHz, ambayo hayafiki mbali, kwa nyingi ni mita moja hadi mbili hivi. Rimoti ikisikia inaamka na kuitikia kwa masafa ya juu zaidi, 315 au 433 MHz kutegemea soko ilipouzwa, na jibu lake limefungwa kwa hesabu ya siri inayobadilika kila mara. Jibu likiwa sahihi, kompyuta inaruhusu injini. Sasa hapa ndipo penye mtego: hodi inapigwa wakati wa kuwasha. Injini ikishaanza kunguruma, rimoti ikiondoka injini haizimiki, na ni makusudi kabisa, maana hakuna mtu timamu anayetaka pikipiki izime yenyewe ukiwa katikati ya kupita lori eti kwa sababu betri ya rimoti imeishiwa nguvu. Kwenye Harley unaweza kuona maandishi NO FOB, yaani rimoti haipo, pale kwenye odometa, hiyo ndiyo taarifa yako kwamba unaendelea kwa hisani na ukizima tu umekwisha. Kwa hiyo ukiyaona ukiwa unaondoka, usiendelee na safari ukijipa moyo, simama papo hapo bila kuzima injini, jipapase mifukoni, mpigie simu aliyebeba.

Haya, na siku ukizima ukagundua umechelewa? Hapo ndipo PIN inapoingia. Kwenye Harley ni tarakimu tano, kila moja ni kuanzia 1 mpaka 9, sifuri haipo kwa sababu namba unaiingiza kwa kuhesabu mibonyezo na huwezi kubonyeza mara sifuri. Swichi kuu unaiweka ON, unashika vitufe vya indiketa vyote viwili kwa pamoja, kushoto na kulia, unavishikilia mpaka pikipiki ikupe ishara kwa kupepesa kwamba imekubali kusikiliza. Unaachia. Kisha unabonyeza cha kushoto idadi ya tarakimu ya kwanza, tuseme ni 3 unabonyeza mara tatu, taratibu, ukihesabu kwa mdomo kabisa usione aibu, halafu unabonyeza cha kulia mara moja, maana yake nimemaliza hiyo, twende inayofuata. Unarudia mpaka ya tano, na baada ya ya tano unabonyeza tena cha kulia, hapo ndipo wengi wanakosea, wanamaliza tarakimu wanakaa kusubiri wakati pikipiki nayo inawasubiri wao. Ikikubali taa ya alamu inazima na unawasha kama kawaida.

Ukikosea usianze kubonyeza kwa hasira. Acha, subiri dakika mbili ndipo ujaribu tena, na ndani ya hizo dakika usiitikise wala kuisukuma maana ina sensa ya mtikisiko na itaanza kukupigia kelele upya. Huo usubirishaji unaudhi lakini una maana yake. Tarakimu tano za 1 hadi 9 zinatoa michanganyiko 59,049, mtu akilazimika kusubiri dakika mbili kila akikosea, kuzimaliza zote ni siku 82 bila kulala wala kula. Ndio maana mwizi hahangaiki na PIN, anainua pikipiki na kuitupa kwenye pikapu. Ila sasa usije ukamrahisishia kwa kuweka 11111 au mwaka wako wa kuzaliwa.

Kingine, PIN inakutoa pale ulipo tu. Ukizima tena na rimoti bado haipo, itajifunga kama mwanzo, kwa hiyo usiingize namba, ukawasha, ukafika dukani ukazima ukidhani umeshasamehewa. Nenda moja kwa moja ilipo rimoti.

Najua utaniambia, sawa mtaalamu lakini mimi PIN sina. Habari njema kwako ni kwamba rimoti unayo na inafanya kazi, na mwenye rimoti inayofanya kazi anaweza kuweka PIN yake mpya bila kuijua ya zamani. Kwa modeli nyingi inafanyika kwa kuwasha na kuzima swichi mara kadhaa kwa mpangilio maalum rimoti ikiwa karibu, halafu unachagua tarakimu kwa vitufe hivyo hivyo vya indiketa. Mpangilio wenyewe unatofautiana kidogo kati ya modeli na mwaka, kwa hiyo usichukue wa pikipiki ya rafiki yako, tafuta kitabu cha modeli na mwaka wa yako, vinapatikana intaneti bure kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, fungua sehemu ya usalama ufuate neno kwa neno. Fanya leo. Sio wikiendi, leo, wakati rimoti bado inaitikia, kwa sababu siku ikifa au ikizama kwenye maji mlango huu wa kujiwekea PIN mwenyewe unafungwa na unabaki na ajenti wa kampuni tu.

Ukishaiweka, fanya jaribio ambalo karibu hakuna mtu analifanya. Mpe mtu rimoti aende nayo mbali kabisa, hata nje ya geti, halafu wewe iwashe kwa PIN. Mara mbili tatu mpaka vidole vizoee ule mwendo wa kushoto-kushoto-kulia. Nimeona watu wana PIN sahihi kabisa kichwani lakini kwa sababu hawajawahi kuiingiza wanabonyeza haraka haraka, pikipiki inahesabu nne badala ya tano, wanaishia kuita gari la kubeba.

Nisiongee Harley peke yake maana najua wasomaji wengine wana skuta na pikipiki za kampuni nyingine, na hapa mambo hayafanani hata kidogo. Yamaha zenye smart key, yaani rimoti ya kukaa nayo mfukoni, kama skuta ya XMAX, zina namba ya utambulisho ya tarakimu sita iliyoandikwa kwenye kadi, na unaiingiza kwa kile kinobu cha swichi kuu: unakikandamiza, taa ya kwenye dashibodi inapepesa, unahesabu mipepeso, ikifika tarakimu unayoitaka unaachia, unakandamiza tena kwa inayofuata. Honda nao wana kibati chenye namba. Ducati zenye rimoti wana PIN ya tarakimu nne inayoingizwa kwenye dashibodi, lakini lazima mwenye pikipiki awe ameiwezesha mwenyewe kabla, na Ducati nyingi ninazokutana nazo hiyo menyu haijawahi kufunguliwa tangu ziuzwe. BMW na Kawasaki wamekwenda njia nyingine. Ndani ya rimoti au ufunguo wa akiba kuna chipu ndogo isiyohitaji betri, inapata umeme kutoka kwenye antena ya pikipiki yenyewe, kwa hiyo betri ya rimoti ikifa unaisogeza mpaka iguse kabisa sehemu ilipo antena na inasomeka. Kasheshe ni kujua antena iko wapi, BMW nyingine iko nyuma huko chini ya siti, na mtu anaweza kushinda anasugua rimoti kwenye dashibodi bure. Kwa hizi jambo la kujifunza mapema ni hiyo sehemu tu.

Kabla hata ya kufika kwenye namba, asilimia kubwa ya simu ninazopokea za "pikipiki imenikataa" zinaishia kwenye vitu vidogo. Cha kwanza, rimoti imezimwa. Ndio, zinazimika! Rimoti za Honda na Yamaha zina kitufe cha kuizima isiitikie, na kitufe hicho kikikandamizwa mfukoni na sarafu au simu unabaki na kipande cha plastiki. Honda bonyeza uangalie rangi ya kitaa, kijani iko hewani, nyekundu imezimwa. Yamaha wao wanatumia urefu wa mwanga, mpepeso mfupi imewashwa, mrefu imezimwa, ukikandamiza kama sekunde moja inabadilika. Cha pili, betri ya rimoti. Nyingi zinatumia CR2032 ambayo maana yake ni kipenyo milimita 20 na unene 3.2, sasa mtu anakwenda dukani anapewa CR2025, inaingia vizuri tu lakini ni nyembamba, 2.5, inagusa leo kesho haigusi, na anaanza kulaumu pikipiki. Soma kilichoandikwa kwenye ile unayoitoa. Betri mpya kwenye mita inasoma volti 3 na kitu, ikishuka kwenye 2.7 mimi naitupa hata kama bado inafanya kazi, ni kitu cha bei rahisi sana kukiacha kikulaze njiani. Ishike kwa pembeni, usiikamate bapa kwa vidole vyenye grisi, na usiogope kwamba ukiitoa rimoti itasahau pikipiki, haisahau.

Cha tatu ni kelele za mawimbi. Rimoti ikikaa imebanana na simu, au na rimoti ya gari, au umesimama chini ya mnara wa mawasiliano, hodi inapigwa lakini haisikiki. Itoe mfukoni, ishike mkononi peke yake, sogea karibu na pikipiki, au ikiwezekana sukuma pikipiki mita kadhaa pembeni. Sheli nazo zina vifaa vingi vinavyotoa mawimbi kwa hiyo hata siku rimoti ukiwa nayo usishangae ikikusumbua palepale.

Na cha nne, betri kubwa ya pikipiki yenyewe. Hapa nasisitiza kwa sababu watu wanachanganya, PIN haiwezi kukusaidia kama betri kubwa imelala. Mfumo huu unakula umeme kidogo muda wote hata pikipiki ikiwa imezimwa, ukiiacha mwezi mzima bila kuendesha wala chaja, unakuta taa zinawaka kwa unyonge, relei inapiga tik tik tik, na kompyuta inaanza kusoma vitu ovyo ovyo mpaka mtu anadhani ni rimoti. Chaji kwanza. Ukitaka kuichomoa betri kwenye Harley yenye king'ora, hakikisha rimoti ipo na swichi imewashwa ili alamu iwe imelegezwa, maana king'ora kina betri yake ndani, ukikikatia umeme kikiwa kimejifunga kitalia mpaka majirani wakuchukie.

Sasa swali lako la pili, kuing'oa. Kitaalamu sikushauri na nitakwambia kwa nini. Kwenye hizi pikipiki alamu sio kiboksi kilichoongezwa na fundi, unakata waya mbili umemaliza. Ile moduli ya usalama na kompyuta ya injini zinatambuana kwa nenosiri, ukiitoa moja au ukaleta ya pikipiki nyingine bila kuzifundisha upya injini haiwaki, na kwenye modeli nyingi moduli hiyo hiyo ndiyo inayoendesha indiketa, starter na mengine. Fundi atakayekuambia "hii naibaipasi (naizunguka) dakika kumi" ama hajawahi kuifanya ama atakukatia wayaringi ambayo utailipia baadaye. Tofauti na zile alamu za kununua na kufunga baadaye, zile ndio unaweza kuzitoa kwa sababu kazi yake ni relei moja iliyowekwa katikati ya waya wa swichi, ukirudisha waya ulivyokuwa yamekwisha. Kama yako ilishawekwa alamu ya ziada juu ya ile ya kiwandani, hiyo ya ziada itoe kwa raha zako, nyingi ndizo zinazoleta matatizo.

Tena shida yako sio alamu, shida yako ni rimoti moja. Nunua ya pili. Ajenti atataka kuona kadi ya usajili yenye jina lako na kitambulisho, atalinganisha na namba ya chesi, usikasirike, huyo ndiye anayekulinda. Kabla ya kwenda kamilisha kubadilisha umiliki maana ukifika na kadi ya jina la muuzaji watakurudisha. Na nenda na pikipiki yenyewe pamoja na hiyo rimoti ya zamani, usiiache nyumbani, kwa sababu mifumo mingine wakati wa kusajili rimoti mpya inafuta zisizokuwepo hapo. Usinunue rimoti iliyotumika mtandaoni kwa sababu ya bei mpaka ajenti akuthibitishie kwamba ya aina hiyo inaweza kusajiliwa tena.

Kwa wenye mifumo ya Yamaha na Honda hapa kuna onyo kali zaidi, ukipoteza rimoti na ile kadi au kibati cha namba, unaambiwa ubadilishe mfumo mzima, na hiyo bili haichekeshi. Kipige picha leo, ihifadhi kwenye simu kwa jina lisiloeleweka, na nakala nyingine mpe mtu mnayeaminiana. Kisichotakiwa ni kukiweka chini ya siti. Nimefungua siti nyingi nikakuta kibati kimefungwa kwa waya pale pale kama mapambo, maana yake mwizi akishaifungua siti kwa bisibisi amepata kila kitu. Na kama unanunua pikipiki ya aina hii kwa mtu, usimalize hela mpaka uone rimoti zote mbili zikiiwasha moja moja, nyingine ikiwa mbali, na namba iko mkononi.

La mwisho, kwa kuwa tunaongelea usalama, usilale na rimoti imetundikwa ukutani karibu na ilipoegeshwa pikipiki. Rimoti ikiwa ndani ya umbali wa hodi mtu yeyote anayepita anaweza kuwasha, pikipiki haijui mkono wa nani. Kuna na wezi wanaotumia vifaa viwili vya kurefusha mawimbi, mmoja anasimama karibu na rimoti yako mwingine karibu na pikipiki, inadanganyika kwamba upo. Yenye kitufe cha kuzima, izime ukifika nyumbani. Isiyo nacho kama yako, iweke chumba cha mbali au kwenye mfuko maalum wa kuzuia mawimbi, na huo mfuko uujaribu kwanza: weka rimoti ndani, ufunge, usimame kando ya pikipiki na ujaribu kuwasha. Ikiwaka, rudisha mfuko ulikonunua.